Udongo Usioandikwa Jina

Jumatatu, 29 Novemba 1993

Leo nimeanza kazi katika maabara ya shule ambayo mwezi huu huu nilikuwa mwanafunzi wake. Mtihani wa kidato cha nne umekwisha, matokeo hayatoki mpaka Machi, na Bibi amesema hanilishi ili nikae Kizwite kumtazama akizeeka.

Aliyeniita ni Mwalimu Clemens, aliyetufundisha fizikia. Siku ya mwisho alisema mbele ya darasa kwamba anamtaka mtu mwenye mikono iliyotulia na mdomo uliotulia, na wote wakageuka kunitazama, wakacheka. Wanajua nikisimamishwa mbele ya watu sauti hunikimbia. Yeye hakucheka.

Daftari hili nimelinunua Katandala. Nitaandika ninayojifunza.

Jumanne, 30 Novemba

Kazi yenyewe ni hii. Kila masika maji ya bwawa letu yanakuwa matope, na Kamati ya Chanzo cha Maji inataka kujua matope yanatoka kwa nani. Juu ya kijito kuna watu watatu. Kuna Bibi yangu, Kristiana, mwenye shamba la ntumba alilorithi kwa mama yake. Kuna Bwana Adriano, aliyeanza kununua mahindi vijijini mara tu wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa, na sasa analima kilele chote kwa trekta. Na kuna njia ya ng'ombe wa Mzee Nyanda, aliyehamia na mifugo yake kutoka Shinyanga. Bintiye Minza nimesoma naye. Ambaye udongo wake utaonekana unamomonyoka, huyo ataondolewa.

Mtu mwingine angepima kwa ndoo. Mwalimu anasema uharibifu wote huanza pale tone la mvua linapogonga ardhi, na tukio hilo ni la haraka mno, jicho halilioni. Kwa hiyo tutalipiga picha.

Nilipomweleza Bibi alisema, "Basi afadhali ni wewe. Ningeogopa mgeni."

Jumamosi, 4 Desemba

Tumechukua udongo. Kwa Bwana Adriano alikwenda Mwalimu mwenyewe, kwa ng'ombe akaleta Minza, na mimi nilikwenda kwa Bibi.

Ntumba, kwa asiyezijua, ni vichuguu vya duara. Mwezi wa pili na wa tatu, majani yakiwa marefu, tunayakata kwa jembe, tunayapanga kwa mviringo na kuyafunika kwa udongo. Yanaoza humo ndani taratibu. Mvua za mwaka unaofuata zikianza tunazivunja ntumba na kuzisambaza, tunapanda ulezi au mahindi. Udongo wa ntumba iliyoiva ni mweusi na una vidonge vidogo kama makombo ya chapati.

Bibi alipiga magoti akanichotea mwenyewe. "Chukua wa katikati. Wa pembeni umeshaoshwa." Kisha akaniona nikiandika juu ya boksi.

"Unaandika nini?"

"Jina lako, Bibi, usichanganyike na wa wengine."

"Futa."

"Bibi, ni la maabara tu."

"Udongo wa shamba langu, na jina langu juu yake, unakwenda kufungiwa kwenye chumba cha giza? Mjini hapa, penye wachawi hivi? Kwani wewe ulizaliwa wapi?"

Nikafuta. Nilipomsimulia Mwalimu nilidhani atasema ni ushirikina wa wazee. Akasema Bibi ana akili, na kwamba kwa watu wa hapa kazi yetu haitaaminika ikiwa na majina juu ya udongo. Tutatumia herufi. Akaandika ndani ya jalada la rejesta ya picha, nami naandika hapa nisisahau: A ni Bibi. B ni Bwana Adriano. C ni Mzee Nyanda.

Minza akalalamika, "Kwa nini sisi ndiyo C? Mnataka tupite kwa shida tu?"

Jumanne, 7 Desemba

Leo nimeelewa, na nimefurahi mpaka nimeshindwa kula.

Siku zote nilidhani picha ya haraka inapigwa na kamera ya haraka. Hapana. Kamera yetu ni ya kawaida, na flashi tumeazima kwa Adolfu, mpiga picha za harusi na pasipoti pale sokoni. ("Watu wanangoja picha za ndoa," alisema, "ninyi mnakwenda kupiga maji!") Siri ni giza. Madirisha yamezibwa kwa mablanketi, mchana kweupe humo ndani huoni mkono wako. Mwalimu anafungua kamera na kuiacha wazi. Haioni kitu kwa sababu hakuna mwanga. Mimi niko juu ya ngazi, nimeshika koki ya bureti, ule mrija wa kioo wa kudondoshea maji, kwa kupapasa. Nikidondosha, tone linashuka ndani ya bomba refu, linakata mwali mwembamba wa tochi uliofichwa humo, na kisanduku ambacho Mwalimu amekitengeneza kwa vipande vya redio kinangoja kidogo, halafu flashi inawaka. Inawaka kwa sehemu moja ya elfu ishirini ya sekunde. Huo mwanga ndio unaopiga picha. Kamera inapokea tu.

"Tayari?" "Tayari." "Dondosha."

Kisha weupe, halafu giza tena, na machoni mwangu limebaki taji la maji limesimama juu ya udongo, halianguki.

Jambo jingine. Gizani niliweza kuongea. Mwalimu aliuliza maswali nami nikajibu, na sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine. Nikisikia sauti yake gizani nasahau kabisa kwamba naogopa watu. Natamani mablanketi yasiondolewe.

Jumatano, 8 Desemba

Picha tisa. Sita hazikutoka.

Ijumaa, 10 Desemba

Mvua kubwa. Umeme hakuna. Nimeosha vyombo vyote vya maabara.

Alhamisi, 16 Desemba

Filamu imekwisha. Adolfu ameagiza nyingine kwa madereva wanaopita Kasesya kutoka Zambia. Tunangoja.

Jumamosi, 25 Desemba

Krismasi. Bibi amepika kuku na ugali wa ulezi. Mama hakuja kutoka Mpanda, mume wake mpya anaumwa. Baada ya misa Bwana Adriano alisimama nje ya kanisa akisalimia watu kama paroko. Alimpa Bibi mkono. "Shikamoo mama. Shamba halijambo?" Bibi akasema shamba halijambo, akaufuta mkono kwenye khanga. Nikacheka. Akaniambia mtoto wa sekondari hacheki wakubwa.

Jumatano, 5 Januari 1994

Filamu imefika. Leo picha kumi na nne, zote nzuri. Tumezisafisha wenyewe katika stoo ya kemikali, Mwalimu akanionyesha jinsi sura inavyojitokeza kwenye karatasi.

Jumanne, 18 Januari

Sasa tofauti inaonekana, na naiandika vizuri.

Tone likigonga udongo B, wa trekta, ardhi inapasuka. Vidonge vinageuka unga palepale, na taji linalosimama ni la matope, limejaa vipande vinavyoruka kila upande. Udongo C, uliokanyagwa na ng'ombe, ni mgumu kama sahani. Tone linateleza na kuondoka na vumbi la juu. Lakini udongo A! Taji ni fupi na maji yake ni safi, unaona hadi upande wa pili. Vidonge vimebaki vimeshikana. Tone linazama kama limekaribishwa.

Mwalimu alikaa muda mrefu na lenzi yake juu ya picha ya 147. Ni ya udongo A. Jani lililooza nusu limechomoza katikati ya taji kama kidole gumba, na maji yamelizunguka bila kuling'oa. Akasema hajaona picha nzuri kama hiyo hata chuo kikuu.

"Unajua umefanya nini, Evodia? Bibi yako na mama zake wamekuwa wakisema hivi kwa majembe yao miaka mia. Sasa umelisema kwa picha. Jina lako litaandikwa kwenye ripoti. Si chini kwenye shukrani. Juu."

Nilipanda ngazi, nikaomba azime taa tuendelee.

Jumatano, 19 Januari

Nimemwambia Bibi kwamba udongo wake umeshinda. Akauliza, "Kwani ulikuwa unashindana?" Lakini jioni nilimsikia akimweleza jirani.

Jumatatu, 31 Januari

Mvua siku ya nne. Bwawa jekundu. Picha 203 mpaka sasa.

Jumamosi, 12 Februari

Tumeanza ntumba za msimu ujao, mimi na Bibi, na Minza alikuja kusaidia. Majani yamefika kiunoni. Minza hajazoea, anajenga kichuguu chake kirefu na chembamba.

"Mwanangu," Bibi akamwambia, "unajenga nyumba au unajenga shamba?"

"Bibi, sisi kwetu tunalima kwa plau."

"Ndiyo maana mkahama."

Minza alicheka mpaka akakaa chini. Tumemaliza ishirini na mbili. Mgongo unaniuma, lakini ni maumivu mazuri.

Alhamisi, 17 Februari

Bwana Adriano amekuja maabara. Nilikuwa juu ya ngazi, nikabaki huko huko kwa sababu nilishindwa kushuka mbele yake. Alikuwa mpole, akaomba aonyeshwe. Mwalimu akazima taa, nikadondosha tone, flashi ikawaka, na yeye akasema "Ala!" kama mtoto. Ulikuwa udongo wake, B.

Wakati wa kuondoka aliuliza maabara inafanyaje umeme ukikatika. Mwalimu akasema inakaa. Bwana Adriano akasikitika sana, akasema nchi haiwezi kwenda hivi, serikali imeshasema wenye uwezo wasaidie.

Jumatano, 23 Februari

Jenereta imeletwa. Mpya, ya Kijapani. Wanafunzi wote walitoka madarasani kuitazama.

Ijumaa, 25 Februari

Mwalimu amesema anaandika ripoti sasa, nipumzike wiki moja. Nikamwambia naweza kumsaidia kupanga picha. Akasema atazipanga mwenyewe.

Jumamosi, 26 Februari

Ntumba. Zimefika sitini.

Jumamosi, 5 Machi

Nimeipata ripoti. Mwalimu amenipa nakala yangu mwenyewe, imepigwa chapa. Kwenye jalada chini ya jina lake imeandikwa: *Picha zote zimepigwa na Evodia, wa Kizwite.*

Nilitembea nayo kifuani hadi nyumbani, ndani ya gauni, mvua isiilowanishe. Nikasoma jalada mara tatu kabla ya kufungua. Nilitaka nifungue mbele ya Bibi, lakini alikuwa shamba, na sikuweza kungoja.

Ukurasa wa sita kuna picha 147. Jani lile lililosimama kama kidole gumba. Chini yake imeandikwa: *Shamba B, lililolimwa kwa trekta. Udongo umeshikana, maji ni safi.*

Ukurasa wa saba kuna mlipuko wa matope. *Shamba A, la vichuguu vya kienyeji.*

Nimekosea. Lazima ni mimi niliyekosea. Nilibadilisha maboksi gizani.

Jumapili, 6 Machi

Sikuenda kanisani, nimesema tumbo linauma. Nimepitia daftari hili lote. Nimeandika A ni Bibi. Nimeandika hivyo tarehe nne Desemba, na tarehe kumi na nane Januari nimeeleza. Na jani lile? Kwa Bwana Adriano hakuna jani hata moja, huchomwa kila kitu kabla ya trekta kulima.

Kwa hiyo sikukosea mimi. Basi aliyekosea ni mpiga chapa. Masikini Mwalimu, atasikia vibaya sana.

Jumatatu, 7 Machi

Nimemwambia. Alikuwa anasahihisha madaftari. Nilisimama muda mpaka akaniuliza kama nimemeza ulimi.

Nikasema, "Mwalimu, herufi zimebadilishana. Ukurasa wa sita na wa saba."

Akaitazama ripoti. Akasema, "Ni herufi tu, Evodia. Nitashughulikia."

Nimepumua.

Bibi ameniuliza kama ripoti imetoka. Nikasema bado wanairekebisha. Si uongo.

Alhamisi, 10 Machi

Matokeo ya mtihani bado. Marekebisho bado.

Jumatatu, 14 Machi

Barua imepita Kizwite kwamba mkutano wa Kamati ni Jumamosi, watu wote wa mteremko wafike. Nilikwenda maabara kumkumbusha Mwalimu. Hakuwepo. Nikafungua rejesta ya picha kuona kama ameandika marekebisho.

Ni rejesta mpya. Mwandiko wake, safi, namba zote toka 1 hadi 212, zimenakiliwa. Nilidhani ndani ya jalada atakuwa ameandika A ni Bwana Adriano. Hapana, si hivyo hata. Ameacha herufi zilivyo, A bado ni Bibi, na kugeuza kila mstari wa A na wa B. Picha 147, udongo B. Picha 148, udongo B. Zote nilizodondosha juu ya udongo wa Bibi zimekuwa B. Amekaa akaandika mistari mia mbili na kumi na mbili kwa mkono wake. Mtu hakosei mara mia mbili na kumi na mbili.

Nikaifunga, nikairudisha mahali pake.

Jumatano, 16 Machi

Nimemkuta. Naandika maneno yote kama nilivyoyasikia.

Nilisema, "Mwalimu, nimeona rejesta."

Hakukataa. Alikwenda kufunga mlango. Alisema, "Kaa." Sikukaa.

"Unajua shule hii imeomba umeme wa maabara tangu lini? Tangu mimi nasoma hapa. Mimi nimefundishwa elektroniki ubaoni, Evodia. Ubaoni! Bwana Adriano analeta jenereta, mwaka ujao anajenga chumba cha pili, na darubini. Watoto watasoma humu miaka thelathini. Bibi yako ana miaka mingapi ya kulima? Miwili? Mitatu?"

"Lakini udongo wake ulikuwa..."

"Najua ulivyokuwa. Mimi ndiye niliyekuonyesha."

Nikasema, "Basi toa jina langu."

Hapo akanitazama, na kwa mara ya kwanza aliona aibu, nadhani. Akasema, "Siwezi. Mwenyekiti wa Kamati alipoliona alisema, kama mjukuu wa Kristiana ndiye aliyepiga, basi hakuna atakayepinga."

Nilikuwa nikijua anapenda niandikwe juu. Sikujua kwa nini.

Akaongeza, kwa ile sauti yake ya gizani, kwamba nafasi ya msaidizi wa maabara itatangazwa Mei na ni yangu, hata matokeo yakija mabaya. Nikatoka. Sikuaga.

Ijumaa, 18 Machi

Nilitaka kumwambia Bibi usiku wa jana, na leo asubuhi, na leo mchana. Kila mara alikuwa anatengeneza kitu.

Jumamosi, 19 Machi

Mkutano ulikuwa katika ukumbi wa shule. Watu walijaa hadi madirishani. Bibi alivaa khanga yake ya Krismasi. Aliniambia njiani, "Leo utanionyesha hizo picha zangu."

Mwalimu alieleza kwa dakika kumi. Alieleza vizuri, ndicho kinachouma. Tone, taji, elfu ishirini. Picha zilikuwa zimekuzwa na kubandikwa. Alipofika kwenye "vichuguu vya kienyeji" watu wa mteremko walianza kunung'unika, na mzee mmoja akasema kwa sauti kwamba hizo ni picha za kununua.

Mwenyekiti akainua ripoti. "Za kununua? Aliyepiga ni mtoto wenu. Evodia wa Kizwite. Mjukuu wa mama Kristiana mwenyewe. Yupo? Binti, simama. Picha hizi ni zako?"

Nilisimama. Watu wote waligeuka. Bibi pia, na alikuwa bado anatabasamu, kwa sababu hasomi na hakujua kilichoandikwa chini.

Nilikuwa nimekariri sentensi moja tangu Jumatano. Nikaianza.

"Picha ni zangu."

Wakapiga makofi. Wale wa upande wa mjini, wa Bwana Adriano, walipiga makofi sana. Nikaendelea, niliendelea kweli, nikasema, "Maneno ya chini yake si yangu, yamegeuzwa." Lakini nilisema kwa sauti yangu ile, na makofi yalikuwa bado. Mwenyekiti akasema, "Ahsante binti, kaa." Katibu akaandika.

Minza alikuwa kando yangu. Alisikia. Akaninong'oneza, "Sema tena, Evo! Sema tena, kwa nguvu!" Nilifungua mdomo. Sauti haikutoka.

Wameamua. Shamba la Bibi ndani ya mita mia moja za kijito lifutwe, ntumba zisawazishwe kabla mvua hazijaisha, ipandwe miti. Ng'ombe wa Mzee Nyanda wasipite. Bwana Adriano aendelee, awe mfano.

Tulipofika nyumbani Bibi alivua khanga, akaikunja, akauliza, "Ule udongo nilikupa mimi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa mkono wangu?"

"Ndiyo."

Akaingia ndani.

Jumapili, 20 Machi

Mvua.

Jumatatu, 21 Machi

Nimemweleza Bibi kila kitu. Alisikiliza akiwa anachambua maharage. Mwisho akasema, "Mwalimu simjui. Wewe nakujua. Ulijua tangu Jumamosi ile ya ripoti, ukanivalisha khanga nikapigiwe makofi." Nilidhani mimi ndiye niliyesalitiwa peke yangu.

Jumanne, 22 Machi

Hakuna maandishi mengine popote yanayosema picha 147 ni udongo wa nani kweli, isipokuwa daftari hili. Rejesta ya zamani imekwisha kuchomwa, sina shaka. Bibi alikataza jina lisiandikwe, nasi tukakubali, kwa hiyo udongo hauna mwenyewe. Ni ukurasa wa tarehe nne Desemba na wa tarehe kumi na nane Januari tu. Na kati ya hizo upo ukurasa wa tarehe saba Desemba.

Nilifikiria kuuchana. Lakini daftari lililochanwa nani ataliamini? Nimelipeleka zima, ofisini kwa Kamati.

Katibu wa Kamati ni mama Lydia, mtu mzima, nilimwamkia vizuri. Nikamwonyesha tarehe nne, kisha kumi na nane Januari. Akasoma. Akalamba kidole, akafungua za katikati. Nilisema, "Mama, ni kurasa hizo mbili tu." Akaendelea. Kisha akawaita makarani wawili wa chumba cha pili.

"Njooni msikie. 'Nikisikia sauti yake gizani nasahau kabisa kwamba naogopa watu.' Ehee! 'Natamani mablanketi yasiondolewe.'"

Walicheka mpaka mmoja akashika meza. Mwingine akasema, "Kumbe fizikia ndiyo hiyo!"

Mama Lydia alinirudishia daftari. Hakuwa na ubaya usoni, alinihurumia kwa jinsi alivyoelewa yeye. "Mwanangu, mwanamume amekuacha, nawe unataka kumharibia kazi. Tumepitia wote. Nenda nyumbani. Muhtasari umeshasainiwa, na humo umeandikwa kwamba mpiga picha amethibitisha."

Nikasema, "Si hivyo, mama." Nilisema kwa nguvu. Mara hii ilitoka kwa nguvu, makarani waliacha kucheka. Nikasema, "Si hivyo hata kidogo. Ni udongo. Nazungumzia udongo." 

Akasema, "Haya. Nimesikia." Akaweka karatasi nyingine kwenye taipureta.

Ijumaa, 25 Machi

Minza amekuja kuaga, wanahamisha ng'ombe kuelekea bonde la Rukwa. Akasema baba yake hana la kulalamika, udongo C waliusema kweli. "Ila wewe, Evo, usirudi kule maabara. Mtu atakayegeuza A atakugeuza na wewe."

Jumanne, 29 Machi

Matokeo yametoka. Nimepata daraja la pili. Fizikia nimepata A. Bibi alisema hongera. Nikasema ahsante.

Jumapili, 3 Aprili

Pasaka. Mwalimu Clemens alikuwa benchi la mbele. Nilikaa nyuma.

Alhamisi, 7 Aprili

Nimeandika barua kwamba sitaiomba ile nafasi ya Mei, na kwamba jina langu liondolewe. Nimeipeleka kwa mkono, nikamkabidhi mkuu wa shule, nikangoja mpaka akagonga mhuri wa kupokea kwenye nakala yangu. Ni hilo tu nililoweza.

Jumamosi, 9 Aprili

Kamati ilituma vibarua wanne na majembe. Bibi alisimama kwenye njia. "Hizi nimejenga mimi. Mkiingia mtanikanyaga." Wakatazamana. Mmoja akasema, "Mama, sisi tumetumwa tu." Bibi akasema anajua, ndiyo maana hajawatukana, na kwamba zitasawazishwa leo leo bila wao. Wakaenda kukaa kivulini.

Akanipa jembe. Ni mara ya kwanza tangu mkutano amenipa kitu mkononi.

Ntumba zilikuwa mia na kumi na nane. Hazina hata miezi miwili. Unapiga jembe, kichuguu kinafunguka, na majani ndani bado ni ya kijani, yana joto, yanatoa mvuke. Hayakuwa udongo bado, wala si majani tena. Tulivuta yote kando, kama tulivyoagizwa, tukasawazisha. Bibi alifanya kazi kwa kasi kuliko mimi. Mara moja tu alisimama, akashika kiuno, akasema bila kunitazama, "Hicho cha Minza kile kirefu. Niachie nivunje mwenyewe."

Saa kumi tulikuwa tumemaliza. Shamba lilikuwa tambarare na jekundu. Sikuwahi kuliona tambarare.

Jumanne, 12 Aprili

Leo mchana imenyesha, mvua ya mwisho mwisho, ya matone makubwa. Nilichukua kipande cha mfuko wa mbolea nikajifunika, nikaenda kusimama pembeni ya shamba.

Tone moja moja silioni, hakuna jicho linaloliona. Lakini najua lilivyo. Liligonga, ardhi ikapasuka, vipande vikaruka kila upande, mara elfu, mara elfu elfu. Baada ya dakika chache mifereji midogo ilianza kujichora yenyewe, ikakutana, ikashuka. Shamba hili nimelijua tangu nabebwa mgongoni na sijawahi kuona maji yakitoka ndani yake yakiwa na rangi. Leo yametoka mazito kama uji wa ulezi, yakaingia kijitoni, yakaenda bwawani.

Bibi alikuja akasimama kando yangu, bila kujifunika. Tulitazama.

"Ndivyo ilivyoandikwa?" akauliza.

Nikasema, "Ndivyo ilivyoandikwa, Bibi. Ukurasa wa saba."

Sasa ni kweli.